Uliza Fundi: Laptopu yako haijachoka, inangoja

Hamjambo nyote, wa Malindi, wa Watamu, wa visiwani na wa ng'ambo ya Mokowe. Barua za safari hii karibu zote zimekuja na kilio kimoja, laptopu imekuwa nzito na fundi kasema tupa, kwa hivo nimeamua ukurasa wote uwe wa laptopu kuukuu. Ile ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake ukiielewa hiyo, nyingi za nyuma yake utajijibu mwenyewe.

SWALI

Salaam fundi. Niko Malindi, nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi huku Maweni, pamoja na kujazia watu fomu za eCitizen. Laptopu yangu ni Dell Latitude E6410 niliyoinunua mtumba, ramu giga 4, diski giga 320, ina Windows 10. Asubuhi naiwasha, nafagia mlangoni, napanga karatasi, naweka chai, nikirudi kile kiduara bado kinazunguka. Nikifungua ukurasa mmoja wa intaneti na Word kwa pamoja inaganda mpaka mteja anaanza kuangalia saa. Wiki iliopita mtu alingoja fomu yake akachoka, akaenda duka la mbele, alafu akapita tena hapa kwangu na karatasi mkononi. Iliniuma. Nimeipeleka kwa fundi, hata hakuifungua, kaniambia mama hii ya zamani tupa ununue nyingine. Kununua sina, na karo hiyo inakuja. Kweli imefika mwisho wake?
Mama wa Kopi, Malindi

JIBU

Mamangu, pole sana, na hapana, haijafika mwisho. Wallahi hili neno la tupa linanikera, hasa likitoka kwa mtu ambae hajashika hata bisibisi. Huku kwetu Matondoni jahazi likianza kuvuja mafundi wanalipandisha pwani, wanatafuta maji yanaingilia wapi, wanang'oa pamba iliooza wanapiga kalafati upya na kazi inaendelea, sijasikia mtu akisema litupwe kwa sababu limevuja. Na laptopu ni hivo hivo, kwanza ujue inavujia wapi.

Mashine yako ni toleo la mwaka 2010, prosesa yake, yaani ubongo wake, kwa kawaida ni Core i5, na kwa kuandika barua, kujaza fomu na kutuma kazi kwa printa nguvu hiyo inatosha na kubaki. Ukiiona imeganda usidhani inafikiria sana au imechoka. Inangoja. Kuna kitu ndani yake kinachelewa kuleta kile ilichoagiza, na kazi yetu mimi na wewe ni kukijua hicho kitu kabla hujatoa hata shilingi.

Kesho asubuhi iwashe, ikionesha tu dirisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, ikija ndogo bonyeza More details, utaona safu za CPU (ndo prosesa), Memory (ndo ramu) na Disk kila moja na asilimia yake juu. Zikodolee macho dakika tano nzima bila kugusa kitu. Ukiona Disk imeganda kwenye 100 na CPU iko kwenye 10 au 20, bas jibu unalo mkononi, prosesa imekaa bure kama mpagazi gatini ambae mzigo haujashuka. Nshafungua nyingi sana za namna hiyo na mara nyingi hiyo ndo picha nnayoikuta.

Sababu ni hii. Ndani ya diski yako mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, zingine 7,200, na mkono mwembamba unaokwenda huku na huku kusoma, kama ile sindano ya santuri za kina bibi. Kila mkono ukihama kutoka faili hii kwenda ile, alafu ungoje na kisahani kizunguke kifike pale panapotakiwa, inakula kama milisekunde 15 hivi, na milisekunde ni sekunde moja ukiikata vipande elfu. Unaona ni kidogo, lakini piga hesabu, haifiki hata safari 100 kwa sekunde, na Windows 10 ikiamka inataka vifaili vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, antivairasi nayo inataka kupekua, apdeti nazo zinataka kushuka, kila mmoja anauvuta mkono ule ule upande wake. Hapo ndo chai yako inapochemka. Dawa ni SSD, diski ya kisasa ya kuweka mahali pa hiyo yako, haina kisahani wala mkono, ni vidonge vya kumbukumbu vitupu, na hata ile ya bei ya chini inafanya safari makumi ya maelfu kwa sekunde.

Kuna watakaokwambia SSD kwenye mashine ya zamani ni hasara, ati njia yake ya SATA, ile inayounganisha diski na mashine, ni ya kizazi cha pili haipitishi zaidi ya kama megabaiti 300 kwa sekunde. Ni kweli haipitishi, lakini wewe hubebi mizigo mikubwa, wewe unaumizwa na zile safari ndogo ndogo, na hizo SSD inazimaliza hata kwenye njia hiyo hiyo. Hii nnayoandikia haya ni ThinkPad X201, nayo ni ya 2010, ilikuwa inachukua karibu dakika nne kuwaka na sasa hata sekunde arubaini hazifiki, prosesa ni ile ile, sikuigusa.

Lakini mamangu kabla ya yote, kabla ya kununua wala kufungua, nakili kazi zako zote kwenye flashi au diski ya nje. Yote, na vitambulisho vya wateja ulivyoskani na risiti. Diski yenye umri huo inaweza kulala leo isiamke kesho, na ukisikia inalia tk, tk, tk ndani, usiizime wala usiingojee kesho, nakili saa hiyo hiyo. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inasoma afya ya diski, ikikuonesha rangi ya manjano ujue ina sehemu zishakufa na nyingine ziko njiani.

Kubadilisha kwenyewe kwa E6410 ni kazi ya dakika kumi na hii unaweza mwenyewe. Zima, chomoa chaja, toa betri, igeuze. Diski iko ubavuni imeshikwa na skrubu mbili kwa chini, ukizitoa unaivuta inatoka kama droo. Dukani sema unataka SSD ya SATA ya inchi 2.5, usipewe ile nyembamba kama kipande cha rula ya M.2, hiyo mashine yako haina pa kuichomeka. Giga 240 au 256 inakutosha kabisa. Na uangalie matapeli, ukiona diski ya nje ya terabaiti 16 inauzwa bei ya kilo mbili za nguru, hiyo ni kadi ndogo iliofundishwa kusema uongo, itakubali kupokea kila unachoweka alafu inaandika vipya juu ya vya zamani na hutajua mpaka siku unayovitaka. Kwenye Windows kuna kiprogramu H2testw cha kuipima, kwenye Linux, ule mfumo mwingine wa bure, iko F3, jaza yote usome yote, ndo uamini.

Ramu je? Giga 4 na brauza za siku hizi ni kubanana, 8 ni raha, na E6410 ina nafasi mbili zinazochukua giga 4 kila moja, DDR3. Sasa hapa pana mtego ambao wauzaji wengi hawaujui. Hizi prosesa za Core za kizazi cha kwanza hazielewi zile kadi mpya za ramu ambazo kila kidonge chake kimebeba kumbukumbu nyingi, kadi moja ya giga 8 haitasoma, na hata ya giga 4 mara nyingi itasoma ikiwa na vidonge 16, yaani vinane kila upande. Hesabu kwa kidole pale pale dukani, na ukubaliane na muuzaji kuwa ikikataa unarudisha. Lakini hela ikiwa ni ya kitu kimoja tu, anza na SSD, ramu itakuja miezi ya mbele.

Kuna la bure pia, nalo ni vumbi, na hapa nataka mnisikilize wote mnaokaa karibu na bahari. Mwaka jana kijana wa Shela huku Lamu aliniletea laptopu inazima kila baada ya robo saa. Nilipotoa kifuniko cha chini nikafika kwenye feni, baina ya feni na zile pezi za shaba nilitoa kitambaa, sisemi kama kitambaa, kilishikana kikatoka kizima, kijivu, urefu wa kidole changu cha kati, ni manyoya ya paka na mchanga laini wa vichochoroni umeshindiliwa na unyevu wa chumvi. Hewa ilikuwa haipiti hata chembe. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97 kwa kufungua brauza tu, na ikifika huko inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, bas mwenye nayo anaona laptopu nzito anadhani vairasi. Nikasafisha kwa brashi ya rangi laini, nikaishika feni kwa kidole isizunguke wakati napuliza, nikafuta ile pasti kavu ya kupitishia joto juu ya prosesa kwa spiriti nikatia mpya kiasi cha punje ya mchele. Ikashuka mpaka 68. Pasti si ghali, na tafadhali asikudanganye mtu kuwa dawa ya meno inafanya kazi hiyo, inakauka baada ya siku chache na unabaki pabaya kuliko mwanzo.

Na chumvi nayo inapanda kwenye meno ya ramu, yale ya rangi ya dhahabu, yanashika utando usiouona vizuri. Mashine inagoma kuwaka au inazima katikati ya kazi bila sababu. Chomoa ramu, sugua meno yake polepole kwa ufutio wa penseli, pangusa vumbi la ufutio, rudisha mpaka isikike imebana. Msimu wa kusi, upepo unapotoka baharini siku kucha, naifanya kazi hii karibu kila wiki.

Limebaki la Windows, na hapa sitaki kukukimbiza. Windows 10 iliacha kupewa kinga mpya tarehe 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha inayofika Oktoba 13, 2026 alafu bas. Windows 11 inataka TPM 2.0, kidonge cha usalama, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yako ni ya kwanza, kwa hivo kisheria yake haimo. Wewe unashika vitambulisho vya watu, si vizuri kukaa kwenye mfumo usiozibwa matundu. Ningekuwa ndugu yako ningekuwekea Linux Mint ya Xfce, ni ya bure, inaanzia ramu giga 2 na kwa giga 4 inapumua, Firefox iko ndani, LibreOffice iko ndani na inafungua kazi zako za Word. Uzuri wake unaiweka kwenye flashi, unawasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu siku nzima bila kugusa Windows yako.

Jaribu printa kwanza. Hilo kwako ndo la maisha na kifo. Printa nyingi za HP Linux inazijua vizuri, lakini kuna vile viprinta vidogo vya leza vya zamani ambavyo madereva yake ya Linux, yaani programu za kuviendesha, ni taabu tupu, nilishawahi kukaa na kimoja kuanzia alasiri mpaka isha. Ukiwa bado kwenye flashi chomeka printa, chapa kurasa tatu, toa na kopi ukiwa unatumia skana. Ikikubali, endelea. Ikikataa, weka Windows 10 upya kwenye SSD, jiandikishe ile nyongeza, na utumie muda huo kutafuta printa itakayokubali, hakuna haja ya kuvunja duka kwa ajili ya mfumo.

SWALI

Fundi mambo. Niko Mambrui, nina Dell Latitude E6420, nishaweka SSD na ramu 8 kama ulivyowahi kusema. Sasa kuna kitu kinanichanganya. Nikitumia betri iko fiti kabisa, nikichomeka chaja tu inakuwa nzito mpaka mauzi inaburuta, na betri yenyewe haijai. Watu wananiambia ni stima ya huku ndogo.
Kijana wa Mambrui

JIBU

Poa. Stima haina hatia hapa, ikiwa taa zako na feni ya chumba ziko sawa. Tazama ncha ya chaja yako ndani, kuna kisindano chembamba katikati. Umeme haupiti hapo, hapo yanapita mazungumzo, laptopu inamuuliza chaja wewe ni wa wati ngapi, 65 au 90, na chaja ina kidonge kidogo kinachojibu. Jibu lisipofika laptopu inajihami, inakataa kujaza betri na inamshusha prosesa mpaka mwendo wake wa chini kabisa, manake haijui huo umeme utatosha au utakatika. Ndo maana kwenye betri inakimbia, betri inaijua.

Hakikisha hivi, izime, chomeka chaja, iwashe uangalie maandishi ya mwanzo kabisa kabla ya mfumo kuingia. Ikikuonya kuwa haikuitambua aina ya chaja, ndo hiyo. Azima chaja orijino ya mwenzio, ikipona bas tatizo ni chaja yako, ama ni ile ya bandia isiyo na kidonge, ama kisindano kimepinda, ama ule waya mwembamba wa mazungumzo umekatika karibu na ncha, na huo hukatika mapema kwa sababu watu wanauzungusha waya kwa nguvu kwenye tofali la chaja na kuubana, uzungushe kwa ulegevu kama unavyokunja kamba ya mashua. Chaja ya mwenzio isipoitibu, tatizo liko kwenye tundu la laptopu yenyewe, peleka kwa fundi umwambie maneno haya haya asije akakubadilishia prosesa bure.

SWALI

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa chuo Mkomani, Lamu. Nina kile kilaptopu kidogo cha Acer Aspire One, prosesa Atom N270, ramu giga 1, kaniachia mwanangu. Nataka kunakili tenzi za marehemu babu ambazo ziko kwenye daftari kwa herufi za kiarabu, daftari lenyewe wadudu washaanza kulila pembeni. Intaneti sina haja nayo. Kijana wa saiba ananambia hata Linux haiingii tena humo. Ndivo?
Mwalimu, Mkomani

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullah, mwalimu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naomba kwanza uiache laptopu ilipo, chukua simu, mchana karibu na dirisha, upige picha kila ukurasa wa daftari hilo, kwa utaratibu, na jalada, na pembeni palipoandikwa vidokezo. Fanya wiki hii. Laptopu tutaipata nyingine, lile daftari halina la pili.

Kijana hakukosea yote. Prosesa hiyo ni ya 2008 na ni ya biti 32, na mlango wa biti 32 unafungwa kweli. Debian, moja ya hizo Linux, namba 13 iliotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, Firefox nayo imeacha kutoa toleo la Linux la biti 32 baada ya namba 144. Lakini Debian 12 bado inaingia, na antiX 23 iliojengwa juu yake ina toleo la biti 32 na ni jepesi sana, kwa giga 1 linatembea. Intaneti ya siku hizi kwenye kilaptopu hicho ningekukataza, ni kukutesa tu, ila wewe umesema huna haja nayo, na kwa kuandika kinatosha.

Ndani ya antiX tumia LibreOffice Writer, itachukua muda kufunguka mara ya kwanza alafu inatulia. Ongeza kibodi ya kiarabu na ya kiajemi, manake ya kiajemi ndo ina pe, che na ga. Ile ve yenye nukta tatu juu ya fa huenda usiipate kwenye kibodi, andika 06A4 alafu ushike Alt na X, inageuka kuwa ڤ hapo hapo. Fonti ya Amiri au Scheherazade New zinaisoma vizuri na irabu zinakaa mahali pake.

Na nakuomba jambo moja, najua wewe unalijua kuliko mimi. Wazee wetu wengi ba waliitumia kwa b na p na hata mb, msomaji akijua mwenyewe kwa maana na mizani. Usiirekebishe. Nakili kama babu alivyoiandika, alafu faili ya pili ndo uweke usomaji wako kwa herufi za kirumi, ubeti kwa ubeti na namba zake. Weka flashi moja kwako, moja kwa mwanao, na moja ikae nje ya Lamu kabisa. Kuja kukuwekea hiyo antiX nitakuja mwenyewe, niko Langoni, na sitaki malipo, nitaomba tu unisomee beti kadhaa.

SWALI

Fundi, laptopu yangu kila nikiiwasha saa imerudi miaka nyuma na kurasa za benki zinakataa kufunguka, zinasema si salama. Nimepiga fomati mara mbili. Ni vairasi gani hii?
Dada wa Watamu

JIBU

Si vairasi dadangu, ni kibetri kidogo cha saa kilichoko ndani, kwa laptopu nyingi ni CR2032 kile cha duara kama sarafu, chenye viwaya viwili na kifuko cheusi. Kimekufa, saa inasahau, na kila ukurasa salama una cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, sasa laptopu yako ikidhani tuko mwaka 2010 inaona cheti hakijazaliwa. Badilisha kibetri, weka saa sawa. Mpaka ukipate, rekebisha saa kwa mkono kila ukiiwasha na utaingia bila shida. Fomati tena usipige.

SWALI

Niweke ile programu ya kuongeza spidi? Inasema itaondoa makosa 1,400.
Wa Barani, Malindi

JIBU

Usiweke. Nyingi katika hizo zinahesabu vitu visivyo na madhara ili ulipe, alafu zenyewe zinajiweka kwenye orodha ya kuwaka asubuhi na kuongeza uzito. Ingia Task Manager, sehemu ya Startup, zima kila usichokijua kwa jina na usichokitumia kila siku, na kama una antivairasi mbili toa moja, zikikaa mbili zinapekuana zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ndo spidi ya bure uliyo nayo.

SWALI

Fundi wetu, mimi ni mama wa Faza. Binti yangu anasoma masomo ya video kwa YouTube na laptopu ya zamani ya Core i5, ina SSD tayari na kila kitu ni haraka, ila video inarukaruka na feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Simu yangu ndogo inaonesha video hiyo hiyo bila shida. Kwa nini?
Mama wa Faza

JIBU

Mama, simu yako ina kidonge maalumu ndani kinachofungua hizi video za siku hizi, laptopu ya binti haina. YouTube inazituma zimekunjwa kwa namna mpya, VP9 au AV1, zinaokoa data lakini kuzikunjua ni kazi ngumu, na laptopu za miaka ile kidonge chao kinaijua ile namna ya kabla yake tu, H.264. Kwa hivo prosesa inabeba yote kwa mikono, ndo hiyo kelele unayoisikia.

Kwenye Firefox tafuta kiongezi kinaitwa h264ify, ni cha bure, kinaiambia YouTube ilete H.264. Alafu kwenye alama ya gia pale chini ya video chagua 480, kwa skrini ya laptopu ile maandishi ya ubao bado yanasomeka. Feni itatulia ndani ya dakika. Ila H.264 inakula data zaidi kidogo kwa ubora ule ule, ndo maana nasema 480, na kama kuna siku anafika penye waifai ya bure ashushe masomo ya wiki nzima, na kwa VLC, programu ya kuangalia video, ndo ayaangalie nyumbani, hapo haitaji hata brauza.